Kuacha Kula Nyama

Siku mbuzi anapochinjwa nyumbani, watoto hawaitwi mara mbili; harufu ya mchuzi yatosha kuwakusanya. Basi mtu akiketi kati ya jamaa hiyo akalisogeza kando bakuli la nyama, akasema kwamba ameiacha kwa hiari yake, wenziwe humtazama kama mgonjwa, na wengine humcheka. Walakini watu wa namna hiyo wamo duniani kwa mamilioni, na sababu zao zastahili kusikilizwa kwanza. Mmoja aliyelipima jambo hili kwa mwili wake mwenyewe, tangu ujana hata uzee, ni Mohandas Gandhi, yule aliyewaongoza Wahindi katika kudai uhuru wa nchi yao.

Gandhi alizaliwa mwaka 1869 mjini Porbandar, katika Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Huko ndiko walikotoka Wahindi wengi waliohamia Unguja na Mombasa. Jamaa zake walikuwa Wahindu wasiogusa nyama kamwe. Lakini alipokuwa mwanafunzi, rafiki yake alimwambia ya kuwa Waingereza wamewatawala Wahindi kwa sababu wao hula nyama, na Wahindi ni wanyonge kwa kuwa hawaili. Kijana akasadiki. Wakaenda mtoni mahali pa faragha, akala nyama ya mbuzi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ngumu kama ngozi, hata akashindwa kuimaliza. Usiku ule alisumbuka sana, maana kila alipotaka kusinzia alidhani mbuzi yu hai analia tumboni mwake. Hata hivyo aliendelea kula kwa siri, mara chache chache, kwa muda wa kama mwaka mzima. Kilichomwachisha hakikuwa kilio cha mbuzi, bali uongo. Kwa maana kila alipotoka katika karamu zile alilazimika kumwambia mama yake ya kuwa hana njaa.

Hoja ya rafiki yule ilikuwa dhaifu. Tembo, ambaye hapana mnyama wa nchi kavu amzidiye kwa ukubwa, hali kitu ila majani, magome na matunda. Ni kweli kwamba tumbo la tembo si tumbo la mtu, na mfano huo usitumiwe kuthibitisha mambo makubwa. Lakini watosha kumnyamazisha asemaye kuwa nguvu zote hutoka katika nyama.

Mwaka 1888 Gandhi alisafiri kwenda London kusoma sheria. Kabla ya kuruhusiwa, aliweka nadhiri mbele ya mama yake kwamba hatagusa nyama huko aendako. Akaona njaa. Asubuhi alikula uji akashiba, lakini mchana na jioni alipewa majani ya mboga na mkate, naye aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu. Rafiki mmoja alimkasirikia, akamwambia kwamba nadhiri iliyowekwa mbele ya mama asiyejua hali ya Uingereza haina thamani. Gandhi hakuwa na jibu la kumshinda. Alijua tu ya kuwa nadhiri ni nadhiri. Hata siku moja, katika kuzunguka kwake mjini, akaikuta katika mtaa wa Farringdon hoteli ya watu wasiokula nyama. Hapo alishiba kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile, akanunua na kitabu cha Mwingereza Henry Salt kilichoeleza sababu za kuacha nyama. Kabla ya siku hiyo alijizuia kwa ajili ya mama yake. Baada yake alijizuia kwa akili yake mwenyewe.

Hao wenzake wa London hawakukubaliana nyama ni nini. Wengine walisema ni ya wanyama na ndege tu, samaki haimo. Wengine walikataa samaki wakala mayai. Mabishano hayo yangeeleweka pwani ya Afrika ya Mashariki pia, ambako yuko mtu atakayeapa kuwa leo hali nyama, na huku sahani yake imejaa dagaa. Gandhi alikata shauri kwamba maana ya nadhiri ni ile aliyoifahamu mama yake. Na kwa kuwa kwa mama yake yai pia lilikuwa nyama, aliacha na mayai.

Faida za chakula kisicho na nyama si za kubuniwa. Atumiaye zaidi kunde, choroko, maharage, mboga na matunda hupata mafuta machache ya kudhuru mishipa ya moyo, na makapi ya vyakula hivyo husaidia matumbo kufanya kazi yake. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama zilizotengenezwa viwandani, kama soseji, huweza kuleta saratani ya utumbo. Tena maharage ni rahisi kununua kuliko nyama, na hayaozi kwa siku moja. Mpishi wa kande, pengine pasipo kujua, hufanya kazi ya mtaalamu: protini ya mahindi ina upungufu wake, na ya maharage ina wake, lakini zikikutana katika chungu kimoja kila moja huikamilisha nyingine. Iko na sababu ya huruma kwa mnyama, ambayo haipimwi kwa mizani ya sokoni.

Lakini kuacha nyama si sawa na kuikosa. Mtu alaye ugali na mchicha kila siku kwa kuwa hana kingine hakuchagua neno lolote, na mwili wake haupati faida zile zilizotajwa. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga hayaingii mwilini kwa urahisi kama ya nyama, ingawa kamua ya limau au chungwa katika mlo huo huo husaidia sana. Liko na jambo zito kuliko hilo. Mwaka 1948 wataalamu wa Marekani na Uingereza walifaulu kuitenga vitamini iitwayo B12, ambayo bila hiyo damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Hiyo imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Katika mimea haimo kwa kutegemewa. Na hatari yake ni kwamba ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, hata mtu akajiona mzima, akajisifu, kumbe akiba inakwisha. Anywaye maziwa na kula mayai ya kutosha hana haja ya kuogopa. Aachaye hivyo navyo hana budi kutafuta vidonge, au vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo.

Wala ardhi zote hazifanani. Ni kweli kwamba mashamba mengi ya dunia hulimwa nafaka za kulishia mifugo, ambazo zingaliweza kuwalisha watu. Lakini katika nyika kavu za Wamasai, mvua haitoshi mahindi, na nyasi haziliwi na mtu. Ng'ombe ndiye azigeuzaye kuwa maziwa na nyama. Kumhubiria mfugaji wa huko aache mifugo yake ale kabichi ni kumwambia aondoke kwao.

Jambo gumu kupita yote ni kumchagulia mwingine. Manilal, mtoto wa pili wa Gandhi, alipokuwa na umri wa miaka kumi alishikwa na homa ya matumbo pamoja na ugonjwa wa mapafu. Daktari alishauri apewe mayai na supu ya kuku. Baba alikataa, akamtibu kwa maji na vitambaa vilivyoloweshwa. Kweli alimwuliza mtoto, na mtoto akasema hataki mayai wala kuku. Lakini Gandhi mwenyewe alikiri baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba, kama angempa, mtoto angalikula. Usiku mmoja homa ilipopanda sana alitoka nyumbani akitembea kwa hofu na sala, asijue kama atarudi amkute hai. Manilal alipona, wala hapana awezaye kusema kwa yakini ni kitu gani kilichomponya. Lakini kupona kwake hakuufanyi uamuzi ule kuwa mwema. Miaka michache baadaye, huko Afrika ya Kusini, Kasturba mkewe Gandhi aliugua sana, na daktari akataka anywe mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Yeye aliulizwa, akakataa kwa kinywa chake mwenyewe. Mtu mzima aliyeelezwa hatari yake ana haki hiyo. Mtoto wa miaka kumi, mwenye homa, mbele ya baba ampendaye, hana uhuru wa kweli wa kuchagua.

Zamu ya Gandhi mwenyewe ilikuja mwaka 1918. Miaka sita kabla yake alikuwa ameacha hata maziwa, na baadaye akafanya nadhiri juu yake, kwa kuchukizwa na ukatili waliofanyiwa ng'ombe na nyati wa kufugwa ili watoe maziwa mengi. Sasa akaugua tumbo la kuhara damu, akakonda akabaki mifupa. Daktari alimwambia kwamba hawezi kuujenga tena mwili wake asipokunywa maziwa. Alipoitaja nadhiri yake, Kasturba, aliyekuwa amesimama karibu, alimkumbusha kwamba hakumtaja mbuzi. Gandhi alinyamaza, kisha akakubali. Alijua kwamba ameyashika maneno ya nadhiri akaiacha roho yake, na aliandika ya kuwa jambo hilo lilimchoma moyo daima. Hata hivyo alitaka kuishi kwa ajili ya kazi iliyokuwa mbele yake. Aliishi miaka 30 zaidi, hata alipouawa mwaka 1948, na katika miaka hiyo maziwa ya mbuzi hayakukosekana katika chakula chake.