Begi Likipotea, Dawa Zisipotee

Mgonjwa wangu mmoja kutoka Shighatini alikwenda ughaibuni kumwona mjukuu. Begi lilijaa unga, maharage na vitenge vya mkwe. Vidonge vya presha akavisokomeza humo humo. Begi likachelewa siku nne. Siku ya tatu akapata kiharusi.

Mzazi mwenzangu, unapofungasha, punguza zawadi, si dawa. Dawa za presha, kisukari au pumu ziweke kwenye mkoba wa mkononi: za siku zote za safari, na za wiki moja ya ziada. Insulini nayo usiiache kwenye begi kubwa. Sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi kali, na insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Ziache dawa kwenye paketi zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Usimbebee mtu vidonge usivyovijua. Tramadoli na kodeini hudhibitiwa vikali Oman na Falme za Kiarabu. Wema wako unaweza kukupeleka mahabusu.

Kitenge kinanunulika tena. Mguu uliopooza haununuliki.