UKURASA WA AFYA: Mpira wa Mkojo kwa Mwenye Kupasuliwa

Wahenga wetu walisema, mficha uchi hazai. Maneno haya yawafaa sana wale wenye maradhi ya njia ya mkojo. Mzee aliyebanwa na tezi dume huamka mara tano usiku, na akiulizwa husema ni baridi tu. Siku akipelekwa Mkomaindo mjini Masasi, au katika hospitali ya Wabenediktini iliyoko Ndanda, akasikia kwamba atatiwa mpira, hutamani kurudi Lupaso saa ile ile. Basi mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mpira huo, ili hofu iondoke na mgonjwa asikimbie dawa yake.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Abulqasim Azzahrawi, tabibu mkubwa wa Cordoba aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika juu ya mrija wa fedha wa kutolea mkojo uliozuilika. Mpira utumiwao leo hujulikana kwa jina la Frederic Foley, tabibu wa Marekani, aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Ncha yake ina puto dogo. Mpira ukisha kufika katika kibofu, puto hujazwa maji kidogo, aghalabu kiasi cha vijiko viwili vya chai, nalo huuzuia usitoke. Kwa sababu hiyo mtu asithubutu kuuvuta kwa nguvu. Auvutaye hali puto limejaa huichana njia ya mkojo na kutoka damu nyingi.

Si kila apasuliwaye hutiwa mpira. Operesheni fupi ya ngiri au busha mara nyingi haiuhitaji. Lakini mama apasuliwaye ili ajifungue hutiwa, kwani kibofu kilichojaa hukaa karibu na kisu cha daktari. Tena mtu aliyelazwa kwa nusukaputi au kudungwa sindano ya mgongo hawezi kujua kama kibofu kimejaa. Na kwa kupima mkojo, daktari hujua kama figo zafanya kazi. Mara nyingi mpira huingizwa baada ya ganzi kushika, na mgonjwa hana habari.

Akizinduka atajihisi kama mtu mwenye haja ndogo, na pengine tumbo la chini litamkaza. Hayo hutokana na puto kugusa kibofu, nayo hupungua. Asijikamue, na akizidiwa amwambie muuguzi, kwani dawa ipo. Aliyepasuliwa tezi dume asishtuke aonapo mkojo mwekundu kidogo siku za kwanza. Mama wa uzazi aghalabu hutolewa mpira katika muda wa siku moja. Wa tezi dume hukaa nao siku kadhaa. Na mwanamke aliyeshonwa fistula hukaa nao wiki moja au mbili, ili kidonda kifunge. Huyu wa mwisho hasa asiharakishwe, kwani uponyaji wake umo katika subira hiyo.

Lakini kwa wengine mpira usikae zaidi ya haja, kwa sababu kila siku ipitayo huongeza hatari ya vijidudu kuingia katika kibofu. Si utovu wa adabu kwa mgonjwa au mwanawe kumwuliza daktari, "Je, utatolewa lini?"

Anayerudi nyumbani nao atunzwe hivi. Mfuko uwe chini ya kibofu siku zote, wala usilazwe sakafuni, na mrija usipindwe. Mwenye kuumwaga anawe kwanza kwa sabuni, na akimaliza anawe tena. Mahali mpira uingiapo paoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni. Twajua kwamba juu ya mlima wa Makonde, na Newala hasa, maji ni taabu. Basi ndoo ya mgonjwa iwekwe mbali na matumizi mengine. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemkataza. Wala asibebe gunia la korosho, hata kama ni msimu.

Arudishwe hospitali upesi akipatwa na homa au kutetemeka, mkojo ukikoma huku tumbo likijaa, au akitoka mabonge ya damu. Mpira ukisha kutolewa, kuwashwa kidogo akojoapo si ajabu. Lakini zikipita saa sita bila ya kukojoa, aseme.

Limebaki jambo linalowahuzunisha wengi: sala. Wako waachao kusali kwa muda wote wa mpira, wakidhani hawana tohara. Hukumu yao ni ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Katika madhehebu ya Shafi, mfuko humwagwa, mgonjwa hujisafisha, hutawadha baada ya wakati kuingia kwa kila sala ya faradhi, kisha husali bila ya kukawia. Na kinachotoka baadaye ni udhuru. Maji yakimdhuru, atatayamamu. Imran bin Huswain alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Na kumwonyesha daktari uchi kwa dharura kumeruhusiwa kwa kadiri ya haja. Akipatikana mwanamume kwa mwanamume, na mwanamke kwa mwanamke, ndiyo bora.

Enyi vijana, baba zenu hawatawaambia maradhi haya wenyewe. Mkiwaona waamka mno usiku, kaeni nao faraghani, muwaulize kwa adabu, na muwafuatane hospitali. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.