Si Kila Kasi Ina Haki

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Kaloleni, nilimkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ameinamia kompyuta kuukuu. Alikuwa akicheza mchezo wa PlayStation 2, mashine iliyozinduliwa Japani mwaka 2000 na ambayo utengenezaji wake ulikoma 2013. Mashine yenyewe hana. Alitumia PCSX2, programu ya aina iitwayo emuleta, ambayo huifanya kompyuta iige mashine hiyo.

Machoni pa mwanaisimu, emuleta ni mkalimani. Kichakataji cha PlayStation 2 hupiga mizunguko karibu milioni 300 kwa sekunde, na amri zilizoandikwa kwa lugha yake sharti zifasiriwe kwa lugha ya kompyuta ya leo. Kompyuta ikiwa dhaifu, mkalimani huachwa nyuma: picha hujikokota na sauti hukatikakatika. Hapo vijana hukimbilia mbinu za kuongeza kasi. Jina la Kiingereza la mbinu hizo, tukilitohoa kwa kanuni za matamshi yetu, huwa "spidi haki". Swali langu basi ni hili: je, haki imo?

Katika baadhi yake imo. Mashine ya asili, inapongojea jambo, huzunguka pale pale ikiuliza, "Tayari? Tayari?" Mbinu ya kwanza huutambua mzunguko huo mtupu na kuuruka. Hakuna kinachopotea, kama vile mkalimani asivyofasiri kikohozi cha msemaji. Mbinu ya pili hugawa kazi: sehemu ya hesabu za picha hupewa kiini kingine cha kichakataji. Hiyo nayo ni busara.

Mbinu ya tatu ndiyo yenye walakini. Huupunja mchezo mizunguko unayostahili. Kompyuta hupata nafuu, na kipimo pembeni mwa skrini husoma 60, idadi kamili ya picha kwa sekunde katika michezo ya Japani na Marekani. Lakini mchezo wenyewe, ukikosa muda wa kuchora, huenda ukatoa picha mpya 30 tu, nyingine zikiwa marudio.

"Mjomba, mbona kinasoma sitini na bado mchezo unakwama?" aliniuliza.

Walimu wenzangu, swali hilo latuhusu. Chuoni nimewapokea wanafunzi wenye alama za juu za Kiswahili ambao hawajawahi kusoma riwaya moja hadi mwisho. Walisoma miongozo, wakakariri maudhui na wahusika, wakafaulu. Kipimo kilisoma sitini. Walipopewa matini wasiyoandaliwa mwongozo, walikwama.

Sisemi kila njia ya mkato ni haramu. Mwalimu anayeondoa marudio yasiyo na faida, au anayewagawa wanafunzi makundi ili kila kundi lichambue sura moja baada ya wote kuisoma riwaya nzima, huokoa muda kwa haki. Kinachoondolewa ni kungoja. Mwongozo unaposhika nafasi ya riwaya, kinachoondolewa ni kazi yenyewe, na alama hubaki kuificha hasara hiyo.

Mpwa wangu aliizima mbinu ya tatu, akaziacha mbili za kwanza. Kipimo kilishuka chini ya sitini. Hakufurahi, ila sasa alijua kompyuta yake ina uwezo gani. Sisi walimu je, tuko tayari kuona alama zikishuka ili tujue ukweli?