Plagi Imeng'olewa, Umeme Umebaki



Juma lililopita alinijia jirani yangu, mama ambaye riziki ya nyumba yake hutoka katika chumba kimoja cha ushoni. Ana cherehani tatu za umeme na moja ya kukanyaga kwa miguu, ambayo huiita mzee wa nyumba kwa kuwa haijamtupa hata umeme unapopotea mkesha wa Idi. Fundi wake ni mwanawe mwenye umri wa miaka 16. Siku hiyo kijana alikuwa amemaliza kuitengeneza pedali ya cherehani ya mamake, akaona heri aifungue na maikrowevu iliyokuwa imekufa jikoni. Aliing'oa plagi kwanza, kama alivyofunzwa. Hata hivyo, bisibisi ilipogusa vyuma viwili vya ndani, ulitoka mlio kama wa fataki, na ncha yake ikaungua. Alhamdulillah, mkono wake ulikuwa umeshika mpini wa plastiki tu.

Mamake akaniuliza: "Nimkataze kabisa kazi hii?"

Sikumjibu ndiyo, wala sikumjibu la, kwani vyombo vile viwili havifanani hata kidogo. Soketi zetu za Kenya hutoa volti 240, nazo zatosha kuua. Lakini cherehani ikishang'olewa plagi ukutani (si kuinua mguu kwenye pedali tu, bali kung'oa), haibakishi cha kutisha. Kijana aweza kusafisha nyuzi na vumbi, kutia mafuta, kukaza mkanda, hata kubadilisha kaboni za mota.

Maikrowevu ni jambo jingine. Ndani yake mna transfoma inayozipandisha volti 240 zikafika 2,000 na zaidi, kisha kapasita na dayodi huzikweza hadi karibu 4,000. Kapasita ni kama mtungi: ukiufunga mfereji, maji yaliyokwisha kuingia mtungini hayakutoki. Mna kifaa kidogo ndani kinachopaswa kuyamwaga polepole, lakini nacho huharibika, na kikiharibika hakimwambii mtu. Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa ni kali zaidi, kwani bomba la picha hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000. Kwa hivyo nilimwambia mama: cherehani mwachie, maikrowevu mpelekee fundi aliyesomea. Na kijana aelezwe sababu, maana ukimkataza bila ya sababu ataifungua siku utakayokwenda harusini.

Wengi hudhani fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya ampea 13 iliyo katika plagi huulinda waya usiungue. Mwanadamu haumlindi, kwa kuwa sehemu ndogo mno ya ampea moja ikipita moyoni yaweza kuusimamisha. Kinachomlinda mtu ni ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kiasi cha milliampea 30. Mwenye uwezo na aitie nyumbani. Lakini hata hiyo haiuoni umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita.

Kuna na ada yetu moja inayoniudhi, nayo ni kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile ni la waya wa ardhi. Chombo cha bati kilichotengenezwa kutumia waya huo, kisha kikanyimwa, siku umeme ukivuja hungoja mkono wa kwanza utakaokigusa. Na kwetu pwani, hewa ya chumvi huzila nyaya na viungo vyake upesi kuliko bara. Nunueni adapta iliyo sawa, au mwiteni fundi abadilishe plagi. Na cherehani aliyokuletea jamaa kutoka Marekani isomwe kibandiko kwanza, kwani nyingi za huko ni za volti 120, na zetu zitaichoma mota.

Mtu akinaswa na umeme nyumbani, usimshike, hata awe mwanao. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwani mkono wa mama hutangulia akili. Zima swichi kuu. Ikiwa haifikiki, simama pakavu, umsukume atoke kwa mpini mkavu wa ufagio. Asipopumua, ita msaada na umbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akizinduka, mpelekeni hospitali hata akisema hana neno, kwa maana mapigo ya moyo yaweza kuvurugika baadaye. Waya wa barabarani ulioanguka, huo hauguswi kwa fimbo wala kwa chochote. Kaeni mbali nao na muwapigie simu wenye umeme.

Juma lijalo, insha Allah, tutazungumzia pasi na nyaya za kuongezea.