Nimeliwa buku tatu kwa eksi na ziro!

Wiki hii nina habari ya aibu, lakini kwa kuwa mimi na wewe hatufichani, namwaga yote. Nimeliwa. Tena si kwa karata tatu. Nimeliwa kwa eksi na ziro, ule mchezo tuliokuwa tunacheza nyuma ya daftari mwalimu akigeukia ubao!

Ilikuwa Kariakoo. Jamaa kakalia kreti la soda, ana peni na kipande cha boksi. Masharti yake: yeye anaanza, wewe unaweka buku, ukishinda anakupa mawili. Mkitoka sare buku linabaki kwake, eti la wino. Nikasema moyoni, huyu kajileta mwenyewe.

Mchezo wa kwanza akaweka eksi kwenye kona. Mimi nikaweka ziro kona ya mkabala. Akachukua kona ya tatu, nikakimbilia kuziba kati ya kona zake mbili. Akachukua ya nne. Hapo ana njia mbili wazi, na mimi naweza kuziba moja tu. Kwisha kazi.

Wa pili nikajifanya nimejanjaruka, nikakamata chumba cha katikati. Na kweli, mtu akianzia kona dawa yake ni hiyo tu, kwingine kote umekwisha. Akaenda kona ya mkabala na yake. Nami kwa tamaa nikachukua kona. Akaja kuniziba, na kule kuziba kwake kukamfungulia njia mbili tena! Pale ilitakiwa niweke ubavuni, ubavu wowote, ili yeye ndiye ahangaike kuziba.

Wa tatu nikakomaa, tukatoka sare. Buku likaenda la wino. Nauli nayo ilikuwa humo humo, kwa hiyo nikakata Jangwani kwa mguu hadi Magomeni, jua la saa nane.

Nyumbani mpwa wangu wa darasa la tano alicheka mpaka akakaa chini. "Anko, mchezo huo wote mkiwa na akili hashindi mtu!" Dogo yuko sawa. Vyumba ni tisa, njia za kushinda nane. Katikati pana njia nne, kona ina tatu, ubavu mbili tu. Mwaka 1952 bwana mmoja wa Cambridge, A. S. Douglas, aliiwekea kompyuta ya EDSAC mchezo huu ikacheza na watu. Mimi na kidato changu cha nne nimeshindwa na boksi.

Kumbe jamaa hakuhitaji hata kunishinda. Sare ilikuwa yake tangu mwanzo.

Jumamosi nikapita tena, nikamkuta. Nikamwambia naweka buku, ila sare kila mtu achukue chake. Akakunja boksi lake, akasema anakwenda kula.