Mgeni Aliyekuja na Jiko Lake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumwona mgeni wa siku hizi wa Sitalike, kijiji chetu kilicho langoni mwa Hifadhi ya Katavi, anayefika na kitanda chake, jiko lake, tangi lake la maji na hata choo chake, vyote ndani ya gari moja. Huyo atamponya nani? Kila kiangazi, magari-nyumba ya Wajerumani, Waholanzi na watu wa Afrika Kusini yanapoanza kupita, majirani zangu hulijibu swali hilo haraka: hawa ni watalii mkono wa birika, waacheni wapite.

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha na kuchomelea vyuma kandokando ya barabara wanayopita, na sikubaliani nao.

Wengi wao huingia nchini kwa mpaka wa Kasesya wakitoka Mbala, Zambia. Hulala Sumbawanga, kisha hushika njia ya Chala, Kizi na Kibaoni hadi kwetu, wakielekea Mpanda na Kigoma. Raha yao siibishii. Hawakimbizani na basi la alfajiri wala hawabembelezi chumba cha gesti. Wakiona twiga wanapunguza mwendo, wakichoka wanasimama na kuchemsha chai.

Lakini karaha nazo zipo, na zinaishia kwangu. Gari lililoundwa kwa ajili ya Ulaya bara lina usukani kushoto, nasi huku tunapita kushoto. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Mkewe aliyekaa kulia ndiye anayechungulia na kumwambia sasa, au bado. Mlango wa nyumba nao uko ubavu wa kulia, kwa hiyo wakiegesha kando ya barabara na mama akashuka na sufuria lake, anashukia kwenye magari. Mtungi wa gesi ukiisha, mdomo wake haufanani na mitungi yetu. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati inalegeza kabati, inakata springi na kumwaga sukari kitandani. Land Cruiser kuukuu nitalitafutia spea Mpanda na jioni liwake. Gari jipya lenye kompyuta kila kona, linalodai maji ya AdBlue pamoja na dizeli, likigoma hapa mwenyewe hukaa akisubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Halafu kuna ndorobo. Wadudu hao hukimbilia kitu kikubwa kinachotembea, na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya vitambaa hifadhini ina rangi hizo. Mtu aliyepaka gari lake buluu iliyokolea ataendesha na vioo juu, jasho likimtiririka. Na usiku, anayelala karibu na Mto Katuma ajue kwamba viboko hutoka majini kula majani. Ukuta wa gari utamkinga, ila asifungue mlango ovyo.

Sasa hoja yangu ni hii. Nyumba ya magurudumu inaonekana kujitosheleza, kumbe baada ya siku chache inahitaji kila kitu: maji, dizeli, nyanya, mkate, fundi, mahali salama pa kulala. Zaidi ya hayo, hifadhini gari lenye namba za kigeni hulipa ada kubwa kuliko gari la Mtanzania, na uzito ukipanda ada nayo inapanda. Mwenye gari zito akipiga hesabu anaona nafuu kuliacha kijijini na kukodi gari la Mtanzania pamoja na dereva anayeijua njia ya Ikuu, ndani ya hifadhi. Hizo ni fedha zinazobaki Sitalike. Mtalii anayeshuka kwa ndege ndogo uwanja wa Ikuu na kupokelewa na gari la kambi yake analipa vizuri zaidi, na Hifadhi ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471 inamhitaji. Ila huyo hajui bei ya chapati za hapa, wala mama lishe wetu hamjui yeye.

Tatizo ni kwamba hatujampangia huyu wa barabarani chochote. Kwanza bei. Nimeshuhudia pancha ya shilingi elfu tano ikigeuka elfu hamsini kwa sababu ya rangi ya mwenye tairi. Aliyefanya hivyo alidhani amemkamata mjinga. Wenzetu hawa wana programu za simu wanazoachiana habari: hapa maji safi, pale walitulangua. Anayekuja kesho ameshasoma, anapita moja kwa moja hadi Mpanda.

Pili, choo. Choo cha gari-nyumba kina kasha lililojaa kinyesi na dawa kali, na lazima limwagwe. Mama mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, aliniuliza kwa adabu, "Fundi, hili tulipeleke wapi?" Sikuwa na pa kumwonyesha. Wasiouliza humwaga porini, na mvua ikinyesha uchafu huo unashukia mtoni. Mgeni huyo ana kosa, na sisi tusiomchimbia shimo tuna letu.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Serikali ya kijiji itenge kiwanja mbali na mto, kiwe na bomba la maji, choo, shimo la kumwagia makasha, mlinzi wa usiku, na ubao wenye bei za kulaza gari, za maji na za kukodi gari la hifadhini. Fedha zikatiwe risiti na zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama mapato mengine. Nasi mafundi tubandike bei zetu hapohapo, moja kwa wote, mwenye bodaboda na mwenye nyumba ya magurudumu. Asiyetaka kubandika bei yake basi asilalamike kwamba wageni hawasimami.