MSHAHARA WA MDAIWA NA MPAKA WA SHERIA

Kwa ndugu watumishi wote wa Kibaha na Kisarawe,

Limezuka neno katika maofisi yetu, nalo husemwa hata na watu wenye elimu, ya kuwa mtumishi aliyeshindwa katika kesi ya deni hana tena haki juu ya mshahara wake. Mdai na autwae wote, iwe adabu kwake. Sisi twalikataa neno hili, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza twakiri ya kuwa dawa ya deni ni kulipa. Hatumtetei mtu aliyekula mali ya mwenziwe kisha akajificha. Lakini kulipa deni ni jambo moja, na kuepuliwa chungu cha watoto jikoni ni jambo jingine.

Na tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, iliyoshika mahali pa ile ya Kihindi ya mwaka 1908 tuliyoletewa na Waingereza, yamruhusu mshindi kukazia hukumu. Mali ya mdaiwa yaweza kukamatwa na kuuzwa na dalali wa mahakama. Mshahara waweza kukatwa na mwajiri kila mwezi. Hata mdaiwa mwenyewe aweza kutiwa kifungo cha madai, kisichozidi miezi sita, nacho hakifuti deni. Lakini sheria hiyo hiyo imetia mpaka. Nguo za mdaiwa na za mkewe na watoto, vyombo vya kupikia, kitanda, zana za fundi, na nyumba anayokaa na jamaa zake, havikamatwi. Mshahara nao haukamatwi wote. Na katika utumishi wa umma iko kanuni ya kuwa makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi ya mshahara wake.

Mpaka huu haukuwekwa kwa huruma tu. Mwalimu wa Maneromango asiyebakiwa na senti ya chakula ataacha kazi, na akiacha kazi, mdai atakata mshahara gani? Ng'ombe aliyechinjwa hakamuliwi tena.

Sasa twataja jambo linalotuchoma. Wako wakopeshaji, waitwao mitaani kausha damu, ambao humtwalia mtumishi kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri siku ile ile ya kumkopesha. Mwisho wa mwezi huzitoa fedha wao wenyewe, wakamtupia mwenye jasho makombo. Hawakusimama mbele ya hakimu, wala hawana hukumu mkononi. Nao hutwaa kile ambacho hakimu mwenyewe, pamoja na nguvu zote za sheria, amekatazwa kukitwaa. Hao ndio wavunja sheria, wala si karani wa Maili Moja au mganga wa Mlandizi anayekatwa kila mwezi kwa amri ya mahakama.

Lakini na sisi tusijifiche nyuma ya maneno. Samansi ikifika, wako wenzetu huikunja wakaitia chini ya godoro. Asiyefika mahakamani huhukumiwa kwa maneno ya upande mmoja, na hesabu ya mdai, hata ikiwa imezidishwa, yaweza kupita bila ya kupingwa. Afikaye aweza kuonyesha stakabadhi zake, na aweza kumwomba hakimu deni lilipwe kwa mafungu.

Basi twataka mambo matatu. Mtumishi aitike mwito wa mahakama, na asimpe mtu kadi yake. Maafisa walipaji wakate kwa kadiri ya amri na kanuni, wala wasizidishe, na fedha iliyokatwa waipeleke upesi, mdaiwa asije akadaiwa mara mbili. Na wenye mamlaka wawashike hao wanyang'anyi wa kadi.

Kibaha iko njia ya Morogoro, Kisarawe iko vilimani nyuma ya Pugu. Njia ni mbili, sheria ni moja. Mdai apewe haki yake yote, na mdaiwa aachiwe ile aliyoachiwa na sheria.

Ni sisi wenzenu katika utumishi.